Mashine ya Mwalimu

Kwa miaka minane kompyuta ya baba ilikaa juu ya kabati la nguo, chumbani kwake Kihesa, mjini Iringa, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho hapo awali mama alikikusudia kiwe cha redio. Ilikufa mwaka 2013. Baba naye akafariki mwaka 2016. Mimi niliishusha kabatini mwaka 2021, mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali na upepo wa Iringa ukipiga mabati kama mtu anayedai kodi.

Ndugu msomaji asinidhanie kuwa ni mtu wa mitambo. Kazi yangu tangu ujana ni ubwana shamba, na makazi yangu ni Mbeya. Nafahamu viazi na pareto, nafahamu mnyauko na sababu zake, lakini ndani ya kompyuta sikuwa nimewahi kutazama. Tena, kusema kweli, sikuishusha kwa mapenzi. Binti wa mdogo wangu wa kike, anayeishi pale Kihesa na bibi yake, alikuwa ameingia chuo, na kila kazi aliyopewa na walimu wake alilazimika kwenda kuichapisha Miyomboni kwa kulipia ukurasa mmoja mmoja. Fedha ya kompyuta mpya hatukuwa nayo. Mama ndiye aliyesema, "Si ipo ile ya baba yako?" Nikamjibu kwamba ile ni mfu. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Hata wewe daktari wa mimea hupimi kabla ya kung'oa?"

Baba alikuwa mwalimu wa jiografia na Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa huo. Alistaafu mwaka 2004, na kiinua mgongo kilipotoka, wenzake walinunua ng'ombe, mmoja akanunua mashine ya kusaga, mwingine akaingia kwenye biashara ya daladala akajuta. Yeye alinunua kompyuta. Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikapanda Kitonga ikiwa imebanwa kati ya magoti yake: kasha la rangi ya maziwa yaliyolala, prosesa ya Pentium 4, kumbukumbu ya megabaiti 256, diski ya gigabaiti 40, pamoja na monita ya inchi 15 yenye kisogo kilichochomoza kama nundu. Majirani walicheka. Baba hakujali. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini pasipo kibali maalumu, na alikuwa akisema kwamba kitu ambacho serikali nzima imekiogopa hawezi kufa kabla hajakigusa.

Kuigusa hakukumpa taabu. Alikuwa amejifunza taipureta tangu ujana, akichapa mitihani kwenye stenseli usiku, na vidole vyake vilijua mahali pa kila herufi bila macho kusaidia. Nawaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia. Desemba ya mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya Jambo OpenOffice, ambayo ilisema na mtumiaji kwa Kiswahili, na mwanafunzi wake mmoja wa zamani akamletea katika sahani. Alifurahi kama aliyepewa shamba. Kisha akachapa maneno yote aliyoona yametafsiriwa vibaya, akayapitia kwa kalamu nyekundu, akayapa alama sitini na nane kwa mia. Neno tarakilishi hakulipenda, na ngamizi alilipenda hata kidogo zaidi, akisema linamfanya aone kitu kinachoangamiza. Yeye aliiita mashine, basi.

Nilianzia kwa fundi mmoja palepale Iringa, ambaye jina lake nitaliacha. Hakuifungua. Aliipima uzito kwa mkono kama anunuaye kuku, akasema imekwisha, akatoa bei ya chuma chakavu. Nikaudhika, si kwa sababu ya bei, bali kwa sababu maneno yake yalikuwa yaleyale ambayo mimi mwenyewe nilimwambia baba mwaka 2013. Alinipigia simu wakati ule, akaniambia, "Mashine imekataa kuwaka. Ukija, uje uitazame." Nikamjibu, "Hiyo itupe, mzee. Nitakununulia nyingine ya mapajani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haijafa. Imechoka." Hiyo ya mapajani sikuinunua.

Basi nililitia kasha ndani ya kiroba, nikaiacha monita, nikapanda basi kurudi Mbeya. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala. Kondakta alitaka nauli ya mzigo, nami nikaupakata mzigo. Mbeya ninaye mtu ninayemwamini, fundi redio wa rika langu mwenye kibanda Mwanjelwa. Soko la Mwanjelwa lilipoungua Desemba 2006 aliteketeza kila alichokuwa nacho isipokuwa kisanduku cha chuma cha bisibisi, na hadi leo kisanduku kile ni cheusi, hataki kukipaka rangi. Nilipoingia akasema, "Karibu, bwana shamba. Umeniletea viazi?" Nikafungua kiroba. Akafuta vumbi jekundu kwa kiganja, akatabasamu.

Alipofungua ubavu wa kasha tulikuta kwanza vumbi, kiasi cha kujaza kofia. Tena lilikuwa limeshikana na moshi wa jikoni hata likawa kama blanketi juu ya feni. Tukakuta na kiota cha panya, kilichotengenezwa kwa vipande vya karatasi vyenye mwandiko wa kalamu nyekundu. Fundi hakugusa umeme. Alipuliza, akasugua kwa brashi, kisha akawasha tochi ya simu, akaniita. "Tazama hawa." Kandokando ya prosesa palikuwa na vijipipa vidogo vimesimama safu, kila kimoja kikiwa na chale ya msalaba kichwani. Baadhi vilikuwa na vichwa bapa. Saba vilikuwa vimevimba, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimetoa usaha wa rangi ya kahawia.

"Hizi ni kapasita," alisema, "na huu ugonjwa naufahamu."

Nilimwomba anieleze kama angemweleza mkulima. Akasema: chukua nyumba yenye bomba la maji ya mgao, linalokohoa na kushtuka. Ukiweka pipa chini ya bomba, na wewe ukachota kwenye pipa, huoni kikohozi cha bomba. Kapasita ni pipa hilo. Prosesa haivumilii umeme unaokohoa, hata kwa nukta moja. Sasa, kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, ulimwengu mzima uliuziwa kapasita nyingi zilizotiwa majimaji mabovu. Majimaji yale huzaa gesi, gesi husukuma, pipa huvimba na kupasuka kwenye ile chale, ambayo imewekwa makusudi ili lisilipuke kama baruti. Mashine zilikufa Ulaya, zikafa Marekani, na wenye nazo wakazitupa wakidhani ni uzee. Nyingine zikaletwa kwetu. "Ya baba yako haina kosa, na yeye hana kosa. Ilinunuliwa ikiwa na ugonjwa tumboni."

Sijui kwa nini maneno haya yalinigusa. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba aliiua kwa kuiwasha na kuizima, maana alikuwa na desturi ya kuchomoa waya ukutani kila jioni kwa kuhofia radi.

Jambo la kwanza alilolifanya fundi halikuwa kufufua. Aliitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta yake kwa kifaa kidogo, akasema, "Kwanza tunakili, ndipo tufufue. Mashine ikifa mara ya pili, bodi nitakupatia nyingine. Haya yaliyomo humu sina duka la kuyanunulia." Diski ilizunguka kwa mlio wa jongoo akikanyagwa. Kunakili kulichukua saa nne, na sehemu chache zilikataa kusomeka. Yaliyobaki akaniwekea kwenye kijiti, nikakitia mfukoni wala sikukifungua. Nilidhani ni mitihani ya zamani.

Kisha kazi yenyewe. Alipasha chuma cha lehemu, akazing'oa zile saba moja moja, polepole, akinyonya lehemu ya zamani ili asiunguze njia za shaba. Mimi nilipendekeza atumie kapasita za redio alizokuwa nazo kwenye kopo. Akakataa. Zingeingia, alisema, lakini zisingedumu, maana pale umeme hukatwa na kuunganishwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kapasita ya redio huchemka kwa kazi hiyo. Alizipata nzima kwenye bodi ya mashine nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine, akalinganisha ujazo na volti, akahakikisha volti hazipungui zile za mwanzo, na mstari wa hasi umeelekea upande wake. Akaondoa dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Kumbukumbu akaitoa ile ya megabaiti 256, akaweka vipande viwili vinavyofanya gigabaiti moja, vya mitumba. Pawa saplai akaibadili, diski akaweka nyingine ya gigabaiti 80.

Mwisho akachokoa kwa ncha ya bisibisi betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, ya namba 2032. "Hii ndiyo inayoshika saa mashine ikiwa imechomolewa," alisema. "Imekufa siku nyingi kabla ya kapasita. Baba yako kila akiwasha, mashine iliamini ni tarehe moja Januari, mwaka 2002."

Tulipowasha, feni ilizunguka, ikalia mlio mmoja mfupi, nao ndio mlio wa heri. Sitadanganya: nilipiga makofi peke yangu kibandani, na mama muuza ndizi wa jirani akageuka kututazama.

Hatukuirudishia ile Windows XP yake, kwa kuwa watengenezaji wake waliacha kuihudumia Aprili 2014 na kuiingiza kwenye intaneti ni kumlaza mtoto barabarani. Fundi aliweka mfumo wa bure wa Debian wenye sura nyepesi. Nayasema haya kwa faida ya mwenye mashine kama ile: toleo la 12, la mwaka 2023, ndilo la mwisho linaloweza kusakinishwa kwenye mashine za biti 32, la 13, la Agosti 2025, limezifungia mlango. Na ile monita yenye nundu ibadilishwe kwa ya bapa, lakini isivunjwe uani, kwa maana kioo chake kina risasi ndani, na watoto huokota. Ya baba bado iko stoo. Sijapata mahali pa kuipeleka.

Usiku ule, nyumbani kwangu Soweto, nilikitia kile kijiti kwenye kompyuta ya mwanangu. Mitihani ilikuwamo kweli. Lakini palikuwa na faili kumi na tatu zilizoitwa Hali ya Hewa, kwa namba. Zilikuwa za aina ya kale, za Jambo OpenOffice. LibreOffice ya leo ilizifungua bila kusita. Baba aliweka kipima mvua uani tangu ninamjua, na kila asubuhi aliandika mstari mmoja: siku, mwezi, mvua milimita kadhaa, upepo, na neno moja au mawili kuhusu watu. Mwaka hakuandika. Na tarehe ambayo mashine iliziwekea faili zile haikufaa kitu, kwa ajili ya betri: zote zilisema Januari 2002, kabla hata hajainunua.

Nilizifungua bila mpangilio, kisha nikaanza kuona kitu. Faili nyingine zilikuwa na herufi za ukubwa wa 12. Nyingine 14. Nyingine 18. Moja ilikuwa ya 24, na ya mwisho ilikuwa ya 36, maneno matatu au manne yakijaza mstari mzima. Nikazipanga kwa ukubwa wa herufi, na habari zikafuatana: arusi ya mdogo wangu, kuzaliwa kwa yule binti, msiba wa shangazi, kila kimoja mahali pake.

Katika zile za 18 lilianza kutokea neno ukungu. "Juni 20. Ukungu." Hilo halinishangazi, Iringa mwezi Juni ina ukungu. Lakini "Septemba 30. Ukungu." Na tena "Oktoba 14. Ukungu. Upepo wa mashariki." Mimi ni bwana shamba, ndugu msomaji. Oktoba pale kwetu ni jua kali na vumbi, ardhi inasubiri mvua za mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwalimu wa jiografia hawezi kukosea hivyo. Niliposoma mistari kumi ya namna hiyo nilielewa kwamba ukungu haukuwa nje.

Sasa nirudi nyuma. Mwaka 2012 nilimwandikia baba barua kuhusu shamba letu la Ifunda. Nilitaka sehemu yake ipandwe maparachichi, na nilitaka kujua mapema ni nani kati yetu atapewa nini, ili nisitie fedha mahali ambapo kesho ni pa mwenzangu. Jambo zito. Niliandika kwa mkono, kurasa tano, mbele na nyuma, na kwa kuwa lilihusu ndugu zangu, niliandika juu kabisa na kupigia mstari: isomwe na wewe peke yako. Nikangoja mwezi. Nikampigia simu.

"Barua umeipata, mzee?"

"Nimeipata."

"Umeisoma?"

"Naitafakari."

Aliitafakari hadi alipofariki. Nilichukulia kwamba amenidharau, na kwamba shamba amekwisha wagawia wengine moyoni. Krismasi ya mwaka ule sikwenda Iringa, wala ya mwaka uliofuata. Nilipeleka fedha kwa simu, nikajihesabia haki.

Katika faili ya herufi za 36 nilikuta hivi: "Barua ya mkubwa imefika. Herufi kama sisimizi." Siku ya pili yake: "Nimejaribu kwa kioo cha kukuzia, juani. Maneno manne." Siku kadhaa baadaye, katikati ya mvua milimita sifuri na upepo wa mashariki: "Mama watoto angeweza kunisomea. Lakini ameandika isomwe na mimi peke yangu."

Nilifunga kompyuta. Sikulala.

Kasha nililipeleka Kihesa wiki ya pili yake. Kabla ya kufunga waya nilimwuliza mama. Alikuwa akichambua maharage mlangoni. Akasema, bila kuinua kichwa, "Alinikataza nisikuambie. Alisema ni uzee, macho ya uzee hayana dawa. Alisema mwalimu asiyeona ni kichekesho." Nikamwuliza mboni zilikuwaje. "Zilikuwa na weupe, kama maji ya mchele."

Siwezi kusema kwa hakika baba alikuwa na nini, kwa kuwa hakuna daktari aliyemtazama. Lakini weupe wa mboni na ukungu unaozidi mwaka hadi mwaka ndizo dalili za mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji ambao mara nyingi hauzidi nusu saa. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mbeya wapo wanaoufanya. Ningeweza kumfuata kwa basi la asubuhi. Ile mashine ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kuandikia baada ya kalamu kumshinda, kwa kuwa vidole havikuhitaji macho. Na ilipokufa, na mimi nikamwambia aitupe, alibaki na miaka mitatu bila kuandika mstari. Mahali pa kuomba radhi sina. Nimeandika hapa.

Yule binti aliitumia mashine hadi akamaliza chuo. Ni ya polepole, intaneti huivuta kama punda mlimani, lakini kwa kuandika haina neno. Niliinunulia stebilaiza, na mama huchomoa waya jioni, kwa hofu ya radi. Betri mpya inashika saa.

Mama naye nilimpeleka kupimwa macho, safari hii bila kuomba ushauri wake. La kushoto lilikuwa limeanza. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2022, akalalamika juu ya chakula, akarudi nyumbani. Nilipokwenda kumwona aliniomba nimfungulie yale maandishi ya baba. Nikamwekea herufi za 12, kama zilivyokuwa, nikasogeza kiti. Alisoma kimya, mdomo ukichezacheza, akafika siku ya arusi ya mdogo wangu, ambapo baba aliandika mvua milimita sifuri.

"Hapa amekosea," alisema. "Ilinyesha. Keki ililoana."

Akaniagiza nirekebishe.